Donge la Mguuni na Kifo cha Kifuani

Msomaji mpenzi, peleka mkono wako nyuma ya mguu, chini kidogo ya goti, uishike nyama nene iliyo hapo. Nyama hiyo huitwa shavu la mguu, na wengine huiita tafu. Yafanya kazi mchana kutwa, twendapo na tusimamapo, wala hapana aikumbukaye mpaka siku iumapo. Lakini huenda mtu akaamka asubuhi akaona pamevimba, au akipapasa akakuta donge gumu ambalo jana halikuwapo, nalo lauma hata kukanyaga chini ni taabu. Afanyeje? Wengi wetu twajua lifanywalo majumbani: huletwa mafuta ya moto, akaitwa mtu mwenye mikono ya nguvu, na mguu ukakandwa.

Pengine kukandwa huko hakudhuru, kwa kuwa sababu za donge la namna hiyo ni nyingi, na zilizo nyingi si za kutisha. Mchezaji wa mpira aliyekimbia ghafula aweza kuchanika nyuzi za msuli, na damu ikakusanyika mahali pale. Kidonda kidogo kilichoingia uchafu chaweza kuzaa jipu ndani ya nyama. Mishipa ya juu juu yaweza kuvimba na kujipinda kama kamba. Tena kuna kifuko cha maji kitokeacho nyuma ya goti, ambacho daktari Mwingereza William Morrant Baker alikieleza vizuri katika mwaka wa 1877. Kifuko hicho kikipasuka, maji hushuka mpaka katika shavu la mguu yakaleta maumivu makali. Hayo yote yana tiba zake. Lakini kuna na donge jingine, ambalo kwa macho na kwa mkono lafanana sana na hayo, nalo ni damu iliyoganda ndani ya mshipa ulio chini kabisa, katikati ya misuli. Donge hilo laweza kumwua mtu kwa dakika chache, na ajabu yake ni kwamba halimwui mguuni. Humwua kifuani. Zilipita karne nyingi kabla wanadamu hawajalijua jambo hilo, na jinsi walivyolijua ndiyo habari nipendayo kukusimulia.

Wanahistoria wengi wa utabibu huanzia katika Ufaransa, mwaka wa 1271. Huko Normandy alikuwako kijana wa miaka 20 aitwaye Raoul, ambaye mguu wake wa kulia ulianza kuuma na kuvimba kwenye kifundo na shavu, na uvimbe ukapanda hata pajani. Mguu wa kushoto haukuwa na neno. Tabibu alimwambia angoje aone mambo yatakavyokuwa. Raoul alingoja, na mguu ukazidi hata ukafanya vidonda. Mwisho alikwenda kwenye kaburi la Mfalme Louis wa Tisa, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, akapaka vidonda vyake vumbi la kaburini, na baadaye akapona. Habari hii iliandikwa na mtawa Guillaume de Saint-Pathus katika kitabu cha miujiza ya mfalme huyo. Mtawa hakuwa akiandika utabibu. Nia yake ilikuwa kumsifu mtakatifu. Lakini mguu mmoja tu kuvimba, tena kuanzia chini kwenda juu, ni dalili ambayo daktari wa leo akiisoma humshtua mara moja.

Watu wa zamani hizo walieleza ugonjwa huu kwa namna waliyoielewa. Walioupata sana walikuwa wanawake waliojifungua karibuni. Mguu wa mama ulivimba ukawa mweupe na kung'aa, na kwa kuwa ulikuwa mweupe, na yeye alikuwa ana mtoto wa kunyonya, watu walisema kwamba maziwa yamepotea njia yakateremkia mguuni. Wakauita mguu wa maziwa. Tusiwacheke. Waliona mambo mawili yaliyo kweli, uzazi na uvimbe, wakayaunganisha kwa uzi ambao haukuwapo. Hata katika mwaka wa 1784, daktari Charles White wa Manchester alipoandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo, aliyakataa maziwa lakini hakuiona bado sababu yenyewe. Ilikuwa karibu na mwaka wa 1823 ndipo David Davis wa London alipopasua maiti za wanawake waliokufa kwa ugonjwa huu, akakuta kwamba mishipa ya damu ya paja na nyonga imejaa damu iliyoganda.

Kabla hatujaendelea, yapasa uelewe jinsi damu ipitavyo mguuni, kwani bila ya hilo mengine yote yatakuwa kama fumbo. Mwingereza William Harvey alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1628 kwamba damu huzunguka: moyo huisukuma kwenda mwilini kwa njia moja, nayo hurudi moyoni kwa njia nyingine. Kwenda ni rahisi, kwa kuwa moyo una nguvu. Kurudi ndiko kwenye shida, maana damu iliyo kwenye kifundo cha mguu haina budi kupanda mlima mpaka kifuani. Ndani ya mishipa irudishayo damu vimo vilango vidogo vidogo, ambavyo Fabricius, mwalimu wa Harvey katika mji wa Padua, alikuwa amekwisha vionyesha. Vilango hivyo hufunguka kwenda juu tu. Sasa, kila mara uendapo hatua, shavu la mguu hukaza, likaikamua ile mishipa iliyo katikati yake kama mkono ukamuavyo chuchu ya ng'ombe, na damu ikarukia juu kilango kwa kilango. Kwa hiyo madaktari husema kwamba shavu la mguu ni moyo wa pili. Lakini moyo huu wa pili una ila moja: mwenyewe asipotembea, haupigi. Damu husimama, na damu iliyosimama yaweza kuganda.

Aliyefumbua fumbo lenyewe alikuwa kijana Mjerumani, Rudolf Virchow, aliyezaliwa mwaka wa 1821. Katika mwaka wa 1846, alipokuwa hajatimiza bado miaka 25, alikuwa akifanya kazi ya kupasua maiti katika hospitali ya Charité, mjini Berlin. Wakubwa wa utabibu siku zile, wakiongozwa na Mfaransa Cruveilhier, walifundisha kwamba uvimbe wa mishipa ndio mzizi wa karibu kila ugonjwa, na kwamba donge la damu likionekana katika mapafu ya maiti basi limeganda pale pale. Virchow hakuridhika. Aliona kwamba mara nyingi palipo donge mapafuni, palikuwa na donge jingine katika mishipa ya mguu au ya nyonga. Je, haikuwezekana kwamba donge la mapafuni ni kipande kilichokatika kwa lile la mguuni, kikabebwa na mkondo wa damu kama gogo libebwavyo na mto uliofurika, kikapita moyoni, na kwenda kunasa katika njia nyembamba za mapafu?

Wazo zuri halitoshi, sharti lijaribiwe. Virchow alitia vipande vya damu iliyoganda, na vipande vya mpira pia, katika mishipa ya mbwa, kisha akawapasua kutazama. Akavikuta mapafuni. Mpira hauwezi kuota wenyewe ndani ya mapafu ya mbwa. Hapana budi umesafiri. Hoja yake haikuwa na pa kupingwa. Baadaye, katika maandiko aliyoyakusanya mwaka wa 1856, alizidi kulieleza jambo hilo, na kutoka katika kazi yake madaktari waliomfuata walitoa kanuni ya mambo matatu yagandishayo damu mshipani: damu kusimama au kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi ya kuganda, kama iwavyo kwa mama aliye mjamzito au aliyejifungua. Wale akina mama wa mguu wa maziwa, waliolazwa kitandani siku nyingi baada ya uzazi, walikuwa na yote matatu kwa pamoja.

(Virchow huyu hakuwa mtu wa maiti na vitabu tu. Mwaka wa 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza homa ya taifasi iliyokuwa ikiua watu, naye akarudi na kuandika kwamba ugonjwa wa wale watu ni umaskini na kukosa elimu na uhuru. Serikali haikufurahi, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha poteza kazi yake.)

Sasa waona kwa nini kukanda mguu kwaweza kuwa jambo la hatari. Likiwa donge ni la msuli uliochanika, mkandaji atamtonesha mgonjwa tu. Likiwa ni la damu ndani ya mshipa, mikono yenye nguvu yaweza kukikata kipande na kukipeleka safari.

Utadhani kwamba baada ya Virchow mambo yalikuwa yamekwisha. Sivyo. Miaka karibu mia moja ilipita na madaktari wakiendelea kuwalaza wagonjwa kitandani majuma mawili au matatu baada ya kupasuliwa au kuzaa, wakiamini kwamba kutulia ndiyo dawa. Mgonjwa alipokuwa akipata nafuu, hata siku ya kuinuka, alishika kifua ghafula akafa. Watu walisema moyo wake ulikuwa mnyonge. Maarifa yalikuwamo vitabuni na kitanda kilikuwapo wodini, wala hapakuwa na mtu wa kuvikutanisha.

Vita ndivyo vilivyowafungua watu macho. Tarehe 7 Septemba, 1940, ndege za Wajerumani zilianza kuupiga mji wa London kwa mabomu usiku baada ya usiku. Watu kwa maelfu walikimbilia mashimo ya kujificha na stesheni za reli ya chini ya ardhi, wakakaa humo mpaka alfajiri. Vitanda havikuwapo. Wengi walikalia viti vya kukunja vya turubai, ambavyo mbele vina ubao mmoja upitao chini ya mapaja. Mtu alikaa hapo saa nyingi, miguu ikining'inia, ule ubao ukiibana mishipa ya nyuma ya paja, wala hana nafasi ya kujinyosha kwa msongamano. Kulipokucha alisimama, akaenda hatua chache kurudi nyumbani, akaanguka.

Daktari Keith Simpson, ambaye kazi yake London ilikuwa kuchunguza maiti za watu waliokufa ghafula, aliona jambo hili likizidi. Alihesabu, akakuta kwamba vifo vya donge la damu mapafuni vilikuwa vimepanda hata kufikia mara sita kuliko miezi hiyo hiyo ya mwaka wa 1939. Aliandika habari hiyo mwaka ule ule katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, akaonyesha kwamba ubaya ulikuwa katika ukaaji ule. Dawa yake haikuwa ya chupa. Ilikuwa ni vitanda: vitanda vya orofa, kama vile vya mabweni mengi ya shule zetu, ambavyo viliingizwa katika mashimo yale ili watu walale miguu yao ikiwa imenyoka. Watu hao walikuwa wameokoka mabomu. Kilichowaua ni kiti. Naona habari hii ni kubwa kuliko nyingi zisimuliwazo za vita vile, ijapokuwa haina mizinga wala bendera.

Miaka michache baadaye amani ilileta viti vingine. Katika mwaka wa 1954 daktari John Homans wa Boston, Marekani, aliandika juu ya watu waliopatwa na donge mguuni baada ya kukaa saa nyingi bila ya kuondoka, wakiwamo wasafiri wa ndege na wa motokaa. Kwa hiyo msafiri wa leo atokaye Mombasa kwenda Busia kwa basi, akikaa usiku kucha magoti yamekunjwa, hutenda vema kuteremka kila basi lisimamapo, atembee kidogo. Asipopata nafasi, na akunje na kunyosha vifundo vya miguu pale pale alipo, ule moyo wa pili upate kupiga. Hatari kwa kijana mwenye afya ni ndogo. Huzidi kwa mzee, kwa mjamzito, kwa aliyepasuliwa karibuni, kwa aliyetiwa plasta mguuni, na kwa yule ambaye ndugu zake wamewahi kuupata ugonjwa huu.

Basi, njia ya kukinga ilipatikana. Lakini aliye na donge tayari, atibiwe kwa nini? Hapa historia yatupeleka mahali ambapo mtu asingetazamia. Dawa ya kwanza aliiona mwanafunzi. Mwaka wa 1916, katika chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Jay McLean alipewa na mwalimu wake, Profesa Howell, kazi ya kutafuta kitu kigandishacho damu. Katika kushughulika na maini ya mbwa akakuta kitu cha kinyume, kizuiacho damu isigande. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikoroga kitu hicho katika damu ya paka, akaiweka chombo mbele ya mwalimu wake, akamwomba amwite itakapoganda. Haikuganda. Dawa hiyo ikaitwa heparini, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya ini, ikasafishwa huko Toronto na Sweden hata katika miaka ya 1930 ikafaa kutiwa katika mwili wa mwanadamu. Lakini ilipasa kudungwa kwa sindano, kumeza haikufaa.

Dawa ya kumeza ilitoka kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walianza kuona maajabu mazizini. Ng'ombe akikatwa pembe, au fahali akihasiwa, damu haikukoma mpaka mnyama akafa. Daktari wa wanyama wa Ontario, Frank Schofield (ambaye watu wa Korea humheshimu mpaka leo kwa jinsi alivyowatetea katika mwaka wa 1919), alikisia kwamba ubaya umo katika chakula: majani makavu ya malisho yaitwayo klova, yaliyolowa na kuota kuvu. Alichukua mabua mazima na mabua mabovu kutoka lundo lile lile, akawalisha sungura mbali mbali. Waliokula mazima hawakudhurika. Waliokula mabovu walitokwa na damu mpaka wakafa.

Hata hivyo hapana aliyekijua kitu chenyewe kilichomo. Mwezi wa Februari, 1933, Jumamosi moja ya tufani ya theluji, mkulima wa Wisconsin alisafiri kwa gari lake kadiri ya kilomita 300 mpaka mji wa Madison. Alikuwa amechukua mzoga wa mtamba, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa klova mbovu. Nyumbani fahali wake alikuwa akitokwa na damu puani. Ofisi ya daktari wa mifugo wa serikali aliikuta imefungwa. Akabahatisha mlango wa jengo la wanakemia, akamkuta Profesa Karl Link. Link hakuwa na la kumsaidia, ila kumwambia aache kuwalisha klova ile na kuwatia damu ya ng'ombe wazima waliougua. Mkulima akarudi na theluji yake, lakini lile debe la damu lilibaki, na msaidizi wa Link, Eugen Schoeffel, hakuweza kuliacha usiku ule.

Walifanya kazi miaka sita. Katika mwezi wa Juni, 1939, mmoja katika wenzi wa Link, Harold Campbell, alipata chembe safi za kile kitu, kikaitwa baadaye dikumaroli, na haukupita muda madaktari wakaanza kuwapa wagonjwa kwa uangalifu. Ndugu yake dikumaroli, mwenye nguvu zaidi, ni warfarini. Hiyo iliuzwa kwanza katika mwaka wa 1948 kama sumu ya panya! Katika mwaka wa 1954 iliruhusiwa kwa wanadamu huko Marekani, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower aliposhikwa na ugonjwa wa moyo alipewa dawa hiyo hiyo. Kipimo ndicho kitofautishacho sumu na dawa, na kwa hiyo mgonjwa wa warfarini hupimwa damu yake mara kwa mara. Siku hizi ziko dawa nyingine mpya, zisizohitaji kupimwa sana hivyo.

Lakini je, dawa hizi zilikuwa zikiokoa watu kweli, au zilikuwa zikisifiwa tu? Huko Bristol, Uingereza, madaktari Barritt na Jordan walijaribu kwa haki, wakatangaza matokeo yao mwaka wa 1960. Wagonjwa waliokuwa na dalili za donge mapafuni waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika 19 ambao hawakupewa dawa, 5 walikufa kwa donge hilo. Katika 16 waliopewa, hakufa kwa donge hilo hata mmoja. Hesabu hiyo ilipotazamwa, wale madaktari hawakuona kuwa ni haki kuendelea kumnyima mgonjwa ye yote dawa.

Imebaki swali gumu kuliko yote, nalo ni lile la mwanzo: mtu ajuaje donge lake ni la namna gani? Homans alikuwa ameeleza ishara moja, ya kukunja wayo kwenda juu ili kuona kama shavu la mguu litauma. Ikaenea duniani kote, kisha ikaonekana kwamba haitegemeki, kwa kuwa msuli uliochanika huuma vile vile na mshipa ulioziba pengine hauumi. Dalili zimpasazo mtu aende hospitali siku ile ile ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, kuwa na joto, kubadilika rangi, na kuuma bila ya kuwa umeumia mchezoni. Zikifuatana na kukatika pumzi, au kichomi cha ghafula, au kukohoa damu, asingojee asubuhi.

Huko hospitali daktari hupaka ute baridi nyuma ya goti na juu pajani, akaweka chombo kidogo kitazamacho ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, kile kile kitumiwacho kumtazama mtoto aliye tumboni. Kiooni mshipa huonekana kama duara jeusi. Kisha daktari hubonyeza polepole. Mshipa mzima hubonyea na duara likatoweka, maana ndani yake mna damu nyepesi tu. Mshipa wenye donge hukataa; hubaki wazi hata ukibonyezwa.